Mapambo ya Halloween ya kutengeneza nyumbani, mwaka jana nilichemka, nisaidieni

mama_wa_wawili
Habari zenu wakuu. Wanangu wameshaanza kunisumbua na mambo ya Halloween, ile sikukuu ya mizimu na kutishana, na mwaka huu sitaki kununua kitu, nataka tutengeneze wenyewe kwa vitu vilivyopo ndani. Shida mwaka jana nilichemka vibaya. Boga nililichonga sura ya mtu wiki mbili kabla, tarehe 31 Oktoba inafika mdomo umeshazama ndani kama wa bibi asiye na meno, ukungu umejaa, nzi ndo usiseme. Mzimu nao nilichukua shuka nikalichovya kwenye gundi nikalivisha chupa, asubuhi naamka nakuta limelala chini, mdogo ananiuliza "mama, kwani mzimu umelewa?" Nakosea wapi jamani?

popo_mweusi
Hahaha mzimu mlevi, nimecheka peke yangu huku. Dada shuka ni zito, likilowa ndo kabisaa. Tumia shashi ya kufungia vidonda au kitambaa chochote chepesi kinachoonyesha. Gundi nyeupe kikombe kimoja, maji kikombe kimoja, koroga. Juu ya chupa weka puto dogo ndo kichwa, mikono kunja waya, halafu vyote hivyo vifunike na nailoni KABLA ya kitambaa, hapo ndo wengi tunasahau, kitambaa kinagandia kwenye chupa ukikivuta kinachanika. Chovya, kamua kidogo, tandaza, pindo liache liguse meza maana ndo miguu yake hiyo, na usiguse mpaka kesho. Kikikauka pasua puto, chomoa chupa na waya taratibu, mzimu unasimama wenyewe ndani mtupu. Macho bandika karatasi nyeusi.

kisu_butu
Mi naongelea boga tu. Wiki mbili ni nyingi mno, likishakatwa lina siku chache tu na kukiwa na joto ndo linawahi zaidi, chonga tarehe 29 au 30. Toa zile nyuzi zote na mbegu, kwangua mpaka ukuta ubaki kama sentimita 2 na nusu, ukiacha unene mwanga hautoki vizuri. Na tundu la kutolea uchafu usikate juu kwenye kikonyo, kata chini, halafu unalisimika tu juu ya taa. Kingo ulizokata paka mafuta ya mgando zisisinyae haraka. Mshumaa achana nao, unalipika boga kwa ndani na una watoto, weka taa ndogo ya betri.

Afu boga lenyewe sio lazima kihivyo, Waayalandi walikuwa wanachonga tanipu, ule mzizi wa duara unaoliwa, walipohamia Marekani ndo wakakutana na maboga, makubwa na rahisi kuchonga, wakahamia huko.

popo_mweusi
Tanipu ngumu ile mkuu, kuikomba ndani utatoka na malengelenge 😂

kimya_kimya
Kama bajeti ni sifuri kusanya yale maroli ya katikati ya tishu za chooni. Kata macho mawili ya hasira, kila roli macho yake tofauti, ndani tumbukiza kataa kadogo ka betri, ziba huku na huku, ficha kwenye maua nje. Usiku roli halionekani, yanaonekana macho tu. Mi niliyaweka mwenyewe na bado niliruka nilipotoka kumwaga taka.

Ila ule utando wa buibui wa pamba ya kuvuta usiutandaze nje kwenye miti, ndege wananasa. Uache ndani dirishani.

mama_wa_wawili
Asanteni sana. Shashi ilikuwepo nikasema nijaribu jana hiyo hiyo. Umesimama! Kichwa kimepinda kidogo na mkono mmoja nilisahau nailoni ukagandia kwenye waya, nikauacha na waya wake. Mdogo kasema huu wa safari hii haujanywa. Maroli sasa ndo naona tishu inaisha haraka kuliko kawaida, nahisi kuna mtu anaifungua makusudi.