Ngozi nyeusi inapoanza kuharibika kwa mgonjwa asiyejigeuza, nitaitambuaje?

Mwanafunzi wa uuguzi, Kisumu
Nawasalimu nyote. Niko mwaka wa pili na ninamhudumia nyanya aliyepatwa na kiharusi: upande wa kulia umelegea, hawezi kusema, na joto la mchana la hapa Kisumu humlowesha jasho juu ya godoro lililofunikwa kwa plastiki. Tumefundishwa kumgeuza mgonjwa kila baada ya saa 2 na kutazama kama ngozi imekuwa nyekundu, nami nimefanya hivyo kwa uaminifu. Hata hivyo, nilipokuwa nikimwosha jana nilikuta lengelenge juu kidogo ya makalio, pale pale ambapo siku iliyotangulia nilikuwa nimeandika kwenye faili kwamba ngozi ni salama. Limeniumiza sana jambo hili. Ni ishara gani iliyonipita?

Muuguzi wa wodi, Nakuru
Wekundu unaotajwa vitabuni huonekana wazi kwenye ngozi nyeupe. Kwenye ngozi kama ya nyanya huyo, sehemu iliyobanwa hugeuka kuwa nyeusi zaidi au ya zambarau, na pengine rangi haibadiliki hata kidogo, kwa hiyo usilitegemee jicho peke yake. Weka mgongo wa vidole vyako juu ya mfupa, kisha uvihamishie kwenye nyama ya kando, ulinganishe. Panapoanza kuharibika huwa na joto au baridi kuliko jirani yake, au huwa pagumu kama embe bichi, au pateketeke kupita kawaida. Mtazame usoni unapopagusa, kwa maana asiyeweza kusema bado hukunja uso anapoumia.

Lengelenge hilo usilitumbue, wala usipakande mahali hapo. Hicho tayari ni kidonda cha kulalia cha daraja la 2, yaani tabaka la juu la ngozi limeshaharibika. Mwarifu sista msimamizi leo hii, na mgonjwa asilazwe tena juu yake.

Nami nikuulize: mnamrudishaje juu kitandani anapoteleza? Akiburutwa, ngozi hunata kwenye shuka huku mfupa ukisogea ndani, na mishipa midogo ya damu hujipinda ikaziba. Muwe wawili, mumwinue kwa shuka iliyokunjwa chini yake.

Muuguzi mstaafu, Kakamega
Naongeza kuhusu mlalo wenyewe, kwa sababu wengi humgeuza mgonjwa wakamlaza ubavu kamili, na uzito wote ukaangukia mfupa wa nyonga. Mwinamishe nyuzi 30 tu, ukiweka mto mgongoni, kisha upitishe kiganja chini ya makalio uhakikishe kwamba pamepata nafasi. Visigino vining'inie kwa mto uliowekwa chini ya mashavu ya miguu. Glavu zilizojazwa maji, ambazo bado naziona katika wodi zetu, hazifai. Kichwa cha kitanda kisizidi nyuzi 30, isipokuwa wakati wa kumlisha na nusu saa hivi baadaye, ambapo ni lazima akae wima ili asipaliwe.

Kuhusu saa 2, huo ni mwanzo tu. Ukikuta joto au ugumu ambao haujaisha tangu zamu ya kumgeuza iliyopita, fupisha muda. Kipimo cha Braden, cha kukadiria hatari ya mgonjwa kupata vidonda vya kulalia, kilichochapishwa mwaka 1987, huhesabu pia unyevu, lishe na msuguano. Jumla yake ni kati ya 6 na 23, na kadiri alama zinavyopungua ndivyo hatari inavyozidi. Jasho hilo la Kisumu limo katika hesabu.

Mwanafunzi wa uuguzi, Kisumu
Asanteni sana, wakubwa zangu. Sista msimamizi amelikagua lengelenge na kuandika ukubwa wake. Usiku nilipitisha vidole kwenye nyonga ya kulia, upande asioweza kuusogeza, nikahisi joto ambalo macho hayakuliona. Tumemlaza upande wa kushoto, na safari hii kwenye faili nimeandika mahali, saa, na nilichokihisi kwa mkono. Je, kwa kuwa upande huo wa kulia umelegea, muda wa kuulalia uwe mfupi kuliko wa kushoto?

Muuguzi mstaafu, Kakamega
Naam, uwe mfupi. Bega la kulia nalo lisilaliwe moja kwa moja. Livute mbele taratibu kwa kushika bega lenyewe, kamwe usiuvute mkono.