Kiingilio elfu thelathini halafu msanii anapanda na flashi, huu si wizi?

Wakuu heshima kwenu. Nina hasira hapa nilipo, na asije mtu kuniambia "mzee nyakati zimebadilika" kabla hajasoma mpaka chini.

Wikendi nimeenda shoo, jina la msanii nalihifadhi. Kiingilio elfu thelathini, tumesimama mpaka saa nane usiku ndo anatokea. Anapanda na dijei na madensa, mziki wa kurekodi unatoka kwenye laptop, ndo hiyo flashi ninayosema, na sauti yake ya studio imo humohumo, yeye kazi yake kudandia neno la mwisho la mstari na kupiga kelele "mikono juuu". Kuna mahali kashusha maiki kabisa anafuta jasho, wimbo unajiimba wenyewe! Nusu saa haijafika kaondoka zake.

Sasa niambieni, bendi ya dansi ya NUTA Jazz iliyoanza 1964, ambayo ndo Msondo Ngoma ya leo, wangethubutu huo ujinga? Pale kulikuwa na solo, rizimu, besi, drams, tumba, matarumbeta, kila mmoja kashika chombo chake na akikosea ukumbi mzima unajua. Wimbo unaanza taratibu mnasikiliza kisa, mara ukifika kwenye chemko, ile sehemu ya kasi ya mwishoni, magitaa yanaanza kujibizana na hakuna anayebaki kwenye kiti. Mwimbaji Hassani Bitchuka ile sauti yake ya juu alikuwa anaitoa palepale mbele yako, haikuhifadhiwa popote. Hata zile rekodi za RTD, Radio Tanzania ya zamani, tunazolilia mpaka leo bendi nzima inapiga kwa pamoja studio, mmoja akiharibu mnarudia wote. Mpiga solo Mbaraka Mwinshehe na bendi yake ya Morogoro Jazz walifika mpaka Japani kwenye maonyesho ya Osaka 1970, walienda kupiga magitaa yao, sio kubonyeza kitufe. Mbaraka kafariki 1979 na mpaka kesho solo lake ukilisikia unajua ni yeye, nitajieni dijei gani wa hawa unamtambua kwa kidole.

Na msinielewe vibaya, vijana vipaji wanavyo. Zamani bendi zilikuwa na wenyewe bwana, NUTA ya chama cha wafanyakazi, Vijana Jazz ya Umoja wa Vijana, Bima Lee ya Shirika la Bima, Sikinde ya DDC, lile shirika la maendeleo la Dar es Salaam, Polisi na JKT nao wana zao, mwanamuziki ana mshahara na vyombo ni vya mwajiri. Leo kijana wa Mbagala gitaa la umeme na ampu atanunua kwa hela ipi na mazoezi akafanyie wapi? Kompyuta moja inamaliza kila kitu, huyo simlaumu hata kidogo.

Ninaowalaumu ni hawa wakubwa. Gari la mamilioni unalo, cheni shingoni, picha za ndege kila wiki, ila mpiga drams na mpiga besi wa kuwalipa usiku mmoja eti gharama! Mnyonge mnyongeni haki yake mpeni, wapo wachache wanapanda na bendi, na hapo hata bongofleva inanoga kweli, kwahiyo inawezekana, ni dharau tu kwa sisi tunaolipa.

Mapromota andikeni kwenye bango kabisa, ni live au ni flashi, na kama ni flashi kiingilio kiwe cha disko. Haya wanaosema shoo ni vaibu tu karibuni, nipo.