Wahadhiri wa Mtwara, asilimia ya akili mnemba si ushahidi!

Wakuu, hii tabia ya wasimamizi wa risechi vyuoni kwetu imezidi. Programu ya kukagua maandishi ikisema "asilimia 42 akili mnemba", kazi inarudishwa na maneno mawili, "rudia yote". Sura ya tatu haijafunguliwa hata ukurasa.

Halafu wengi mnachanganya ripoti mbili. Ripoti ya kufanana ya Turnitin, ile programu ya kukagua kazi za wanafunzi, inakuonyesha sentensi na mahali ilikotoka, unaifungua unaona kama ni nukuu au wizi. Ya akili mnemba haina chanzo chochote, ni makisio tu kwamba maneno yanabashirika mno. Sasa mtu aliyekaririshwa Kiingereza cha darasani, sentensi fupi na msamiati uleule, atakwepaje? Mwaka 2023 watafiti wa Stanford walipitisha insha 91 za TOEFL, mtihani wa Kiingereza kwa wasio wazawa wa lugha hiyo, zote zimeandikwa na watu, kwenye vipima saba vya akili mnemba. Kwa wastani asilimia 61 ziliitwa za mashine! OpenAI, wenye ChatGPT, walikiondoa kipima chao Julai mwaka huohuo, maana kilikamata asilimia 26 tu ya maandishi ya mashine na kuwasingizia watu asilimia 9. Turnitin wenyewe, matokeo yakiwa chini ya 20 wanaweka nyota badala ya namba. Nyie mnagombana na mtu kwa 12, mmeitoa wapi?

Na hiyo amri ya "shusha asilimia" ndiyo inayoua kazi. Mwanafunzi anakimbilia steshenari, risechi inapitishwa kwenye programu ya kubadili maneno, stakabadhi ghalani, mfumo wa kuuzia korosho kupitia maghala, inatoka huko imekuwa kitu kama "risiti ya bohari". Namba imeshuka, msimamizi anasaini. Aibu gani hii?

Wadanganyifu wa kweli wanapita mlangoni mnawaona. Chukua marejeo matano, weka DOI zake, yaani namba za utambulisho wa makala, kwenye doi.org. Mashine hupenda kuchukua jina la mtafiti wa kweli ikalibandika kwenye makala isiyokuwepo, na hapo inanaswa kwa dakika mbili. Kama mwanafunzi katumia fomula ya Yamane ya kukokotoa sampuli kwa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, yenye wanachama 400, kosa la 0.05, sampuli ni 200, basi mwambie alete dodoso 200 zilizojazwa na faili la SPSS, programu ya kuchambulia data. Muulize mwanafunzi: mkulima wa Tandahimba alikwambia nini kuhusu kangomba, ule ununuzi wa korosho kwa njia za panya? Aliyefika shambani atakueleza mpaka umnyamazishe, aliyenunua risechi ataanza kukohoa.

Kusahihisha sarufi kwa akili mnemba kuwe ruksa, ila mtu atangaze alipoitumia. Akibuni data, mfukuzeni, hakuna atakayemtetea hapa.

Mwenye mwongozo wa chuo chake unaotaja hiyo asilimia, na kifungu chake, auweke hapa. Picha inatosha.