Kikundi: Jamaa wa Uswisi – Rigi Jumamosi

*Mama Zuhura:* Hamjambo nyote. Babu na Bibi wamefika toka Tanga, Jumamosi twataka kuwapeleka mlima Rigi. Bibi anaumwa magoti. Vijana nao wanang'ang'ania kupanda kwa miguu toka chini. Tufanyeje?

*Baba Nuru:* Wape wazee shikamoo zetu. Gawaneni tu. Wazee wapande treni ya meno, ile inayopanda mlima kwa gurudumu la meno, vijana watembee, mkutane Kulm, kituo cha juu kabisa.

*Dada Neema:* Wazee waende Luzern wachukue meli hadi Vitznau, kama saa nzima hivi. Ukishuka gatini kituo kiko hapo hapo mbele. Wakae kushoto, ziwa liko upande huo wakati wa kupanda. Nusu saa wako juu. Reli hiyo ni ya 1871, ya kwanza ya aina yake Ulaya, Babu atapenda kusikia.

*Juma:* Meli ni nzuri kwa anayeanzia Luzern. Kwa mtu wa Zürich ni kuzunguka bure, ashukie Arth-Goldau, treni ya mlimani inaondokea jukwaa lililojengwa juu ya reli kuu.

*Mama Zuhura:* Na kutoka kituoni hadi kileleni?

*Dada Neema:* Kituo kiko mita 1,752, kilele 1,798. Dakika kumi, njia pana ila imeinuka. Akishindwa akae baraza la hoteli, milima anaiona vizuri tu.

*Juma:* Vijana waanzie hapo Arth-Goldau. Ni kupanda karibu mita 1,300, muda wa saa nne. Zile saa za kwenye mabango ya njano ni za kutembea tu, mapumziko hayamo. Njano tupu ni njia ya kawaida. Alama nyeupe-nyekundu-nyeupe ni njia ya mlima, viatu viwe na soli yenye meno.

*Baba Nuru:* Hapo kwenye viatu wasikilize. Mwamba wa Rigi ni kokoto za mviringo zilizoshikana kama zege. Ukikauka unakanyagika vizuri, ukilowa unateleza, hasa msituni penye majani na mizizi. Wengi huanguka wakishuka, miguu imeshachoka. Kwa hiyo wapande kwa miguu, washuke na treni.

*Mama Zuhura:* Mbona watu husema kushuka ndiko rahisi?

*Baba Nuru:* Kwa pumzi, sawa. Kwa magoti hapana. Wakitaka kushuka kidogo, watoke Kulm hadi Kaltbad, kama saa moja, njia nzuri. Pale kuna kituo, na mahali pa kutazamia pa Känzeli pako karibu.

*Dada Neema:* Mama Zuhura, usiahirishe safari kwa sababu Luzern kuna ukungu! Msimu huu wa kuelekea baridi, hewa baridi hulala bondeni, juu jua linawaka. Tazama kamera ya Kulm kwenye intaneti kabla ya kutoka. Ila ukiona kilele chenyewe kimezama, basi hakuna la kuona, ngoja siku nyingine.

*Juma:* Nguo lakini. Siku isiyo na ukungu huo, kutoka ziwani hadi juu joto hushuka kama nyuzi 8 au 9, na upepo juu yake. Bibi asipande na khanga peke yake 😄

*Mama Zuhura:* Tiketi je?

*Juma:* Mwenye Swiss Travel Pass, tiketi ya watalii ya siku kadhaa, halipii Rigi. Mwenye Halbtax, kadi ya nusu nauli, analipa nusu. Wazee ni wageni, piga hesabu ya siku zao zote ndipo uamue. Na andika saa ya treni ya mwisho kwenye karatasi, simu huisha chaji kwa baridi.

*Baba Nuru:* Ng'ombe wakiwa bado malishoni, wasipite kati ya mama na ndama, hata kwa picha. Vijana wahifadhi 1414, uokoaji wa helikopta.

*Mama Zuhura:* Nimeandika yote. Nani ana kiti cha kumbebea mtoto mgongoni?

*Dada Neema:* Kipo, na kifuniko chake cha mvua. Pitia Ijumaa jioni.