Waratibu wa safari za wikiendi, kwa tabia hii mtatuulia watu kwenye makorongo ya Rungwe

Wakuu, salamu kwanza. Uzi ni mrefu, asiye na muda apite tu.

Kuna hawa waratibu wa safari za wikiendi kutoka Dar, wale wanaorusha mabango Instagram na namba ya kutumia pesa imekaa chini yake. Jina la niliosafiri nao silitaji, na msinifuate inbox kuliuliza. Bango lilisema Rungwe, mkoani Mbeya: Ziwa Ngozi, Daraja la Mungu, Kijungu na maporomoko ya Kaporogwe, vyote siku moja. "Njia rahisi, hata mtoto anapita." Mwongozaji, viingilio na chakula vimo ndani ya bei. Laki tatu na nusu kwa kichwa. Mwezi wa nne.

Mwezi wa nne, Rungwe! Aliyekulia Tukuyu, mji wa kule Rungwe, akisoma hapo ameshacheka. Kule mvua ikianza Novemba haiagi mpaka Mei, na kuna miteremko ya Mlima Rungwe inayopokea hadi milimita 3,000 kwa mwaka. Migomba, chai, parachichi na ule ukijani mnaoupenda kwenye picha vinatokana na mvua hiyo hiyo. Hakuna ubaya kwenda masika kama mtu ameambiwa ukweli: njoo na gambuti, njoo na koti la mvua, kuna uwezekano usione kitu. Sisi hatukuambiwa. Watu walikuja na raba nyeupe. Dada mmoja alikuja na ndala za kamba, na simlaumu, bango lilimwambia hata mtoto anapita.

Tukakesha barabarani, kilomita zaidi ya 800 mpaka Mbeya, spika inapiga singeli kuanzia Mlandizi. Asubuhi tukashuka Isongole macho mekundu. Kwa wasiopajua, Isongole ndipo unapochepukia kwenda Ngozi ukitoka Uyole kuelekea Tukuyu. Ziwa lenyewe limekaa ndani ya shimo la volkano kwenye milima ya Poroto, urefu kama kilomita 2.5, na kuta za msitu zimelizunguka pande zote. Huwezi kuliona mpaka ufike ukingoni. Unapanda ndani ya msitu, mianzi, mizizi imelala njiani, udongo mweusi ambao ukilowa unateleza kuliko sabuni.

Pale kijijini kulikuwa na vijana wanaoongoza wageni. Wana fimbo, wana kamba, wana gambuti, na wanaijua njia ile usiku na mchana. Pamoja nao alikuwepo mzee mmoja, akamfuata mratibu wetu kwa heshima kabisa: "Mwanangu, kupanda mtapanda, ila leo kule chini ziwani hapaendeki. Chukua vijana wawili watatu wakusaidie na hawa mama zako."

Mnajua alijibu nini? "Mzee, sisi ni wazoefu, tunatumia GPS."

GPS, kwenye njia ya utelezi! GPS itakushika mkono? Baadaye ndipo nikaelewa. Pesa ya mwongozaji tulishalipa, imo kwenye zile laki tatu na nusu. Asipomchukua kijana wa Isongole, hiyo pesa inabaki kwake. Hesabu ni hiyo tu, wala si uzoefu. Na hata kwenye kiingilio cha msitu alitaja idadi ya watu pungufu, huku basi zima limeshuka na limesimama nyuma yake. Mhusika akahesabu mwenyewe, ikabidi wengine tuchangishwe papo hapo "tutarudishiana jioni". Jioni ipi, sijui.

Tukapanda. Ukungu ulikuwa mzito, mtu wa tatu mbele yako humwoni. Hakuna aliyekaa mbele kuonyesha njia wala aliyekaa nyuma kuhesabu. Wenye nguvu walikimbia, wazito wakaachwa. Mratibu alikuwa mbele kabisa na droni yake, ambayo kwenye ukungu ule haikurushwa hata mara moja. Spika nayo ikapanda mlimani! Msitu ule una mbega, una ndege wa kila sauti, ukinyamaza kidogo unasikia vitu ambavyo Dar hutavisikia mpaka unakufa. Sisi tulisikia singeli. Na ngʼambo ya pili pale, kwenye Mlima Rungwe, ndiko alikogunduliwa kipunji mwaka 2003, nyani ambaye sayansi ilikuwa haimjui kabisa, na hayupo popote duniani nje ya Tanzania. Watu wanatoka Ulaya kuja kunyamaza msituni kule. Haya.

Kufika ukingoni, ziwa halionekani. Ukungu mtupu. Hilo simlaumu mtu, ni mlima, una siku zake. Wenye akili wangekaa nusu saa, mara nyingi ukungu unafunguka. Lakini ratiba ya vituo vinne kwa siku moja haina nusu saa. Mratibu akatangaza kwamba wanaotaka picha washuke mpaka majini.

Hapa ndipo hasira yangu ilipo. Kile kinachoitwa njia ya kushuka ni ukuta. Unashika mzizi, unaachia, unashika mwingine. Kiangazi, na kijana wa pale na kamba yake, watu wanashuka na wanapanda salama. Masika, bila kamba, bila mtu wa kukuonyesha mzizi upi umeoza? Mzee alishasema. Watu kumi hivi wakashuka, akiwemo mama mmoja mtu mzima aliyekuja na binti yake. Hawakufika hata robo. Mama akateleza, mguu ukajipinda, tukasikia ukelele tu kutoka kwenye ukungu.

Sanduku la huduma ya kwanza? Halikuwepo. Bendeji? Halikuwepo. Mratibu akatoa maji ya chupa akammwagia mama mguuni. Nilitamani kulia.

Aliyetuokoa ni wale wale vijana waliokataliwa asubuhi. Binti yake alishuka mbio mpaka kuwakuta, wakaja bila kuuliza bei. Wakakata miti miwili, wakafunga kitenge na koti, ikawa machela. Wakamvuta mama kwa kamba mpaka ukingoni, halafu wakambeba kwa kupokezana mlima wote, kwenye matope, huku wakimtania ili asahau maumivu. Sisi wenye raba tulikuwa tunaanguka mikono mitupu. Wao hawakuanguka na mtu mzima begani.

Mama akapelekwa hospitali na bajaji, binti yake akalipa mwenyewe. Na safari ikaendelea! Eti ratiba.

Daraja la Mungu tulipita dakika chache, nalo ni zuri kweli, lava ya zamani iliyogandishwa na maji ikabaki imevuka Mto Kiwira kama daraja, tena pana. Hakuna aliyetuelezea hata hilo, nililijua kwa kusoma mwenyewe. Picha, twende.

Kijungu ndipo nilipotaka kushuka basi nirudi na Noah za Mbeya. Pale Mto Kiwira wote unaingia kwenye tundu la mwamba lililochimbika kama chungu, halafu unatokea kwenye upenyo mwembamba chini ya jiwe. Ukidondoka mle hakuna wa kukutoa. Siku hiyo mto ulikuwa umejaa, rangi ya chai ya maziwa, mwamba wote umelowa. Vijana wetu wakaanza kuruka kutoka jiwe hadi jiwe kutafuta picha, na mratibu ndiye anayepiga, anawaambia "sogea kidogo nyuma". Nyuma wapi? Askari aliyekuwepo akafoka mpaka watu wakashtuka, wakatoka. Mratibu akanungʼunika kwamba "wanaharibu utalii wa ndani".

Naomba hili lieleweke kwa wote mnaopenda makorongo, si la Rungwe peke yake. Korongo halingoji mvua inyeshe juu ya kichwa chako. Mvua inanyesha huko milimani, pengine ulipo wewe kuna jua, maji yanakuja yamekusanyika. Septemba 2019 pale Hellʼs Gate Kenya maji ya ghafla yalikuta kundi la watu korongoni, wakafa saba, na mwongozaji alikuwa miongoni mwao. Yaani hata aliyepajua pale alikwenda. Sasa wewe wa Dar mwenye GPS na spika unaniambia nini?

Kaporogwe hatukufika. Giza lilitukuta Tukuyu. Yale maporomoko yanayokuruhusu kusimama nyuma ya maji, ambayo ndiyo yalinifanya nilipe, nimeyaona kwenye bango tu. Nikauliza kwenye grupu la WhatsApp habari za kurudishiwa sehemu ya pesa, pamoja na ile tuliyochangishwa msituni. Nikajibiwa "safari ni kujifunza dada". Nikauliza tena, nikatolewa kwenye grupu.

NYONGEZA: Naona mshaanza. Wa kwanza anasema "wabongo mnapenda vya bei rahisi". Mkuu, laki tatu na nusu unaiona rahisi? Nenda mwenyewe na basi la kawaida mpaka Mbeya, panda gari la Tukuyu, shuka Isongole, ongea na vijana wa pale, lala Tukuyu, kesho yake Kaporogwe. Nenda kuanzia Juni mpaka Oktoba, beba sweta maana Juni na Julai baridi yake si ya mchezo. Chenji itabaki, na utakula ndizi na maziwa bila kukimbizwa.

Mwingine anauliza kwa nini nisiende polisi. Huyo mama ndiye mwenye haki ya kuamua hilo, na binti yake anausoma uzi huu. Mimi ninachokitaka ni kidogo: mtu anayechukua pesa za watu kuwapeleka kwenye milima na makorongo aonyeshe kabla ya malipo jina la mwongozaji wa eneo husika, risiti za viingilio, na sanduku la huduma ya kwanza. Asiyekuwa navyo tumwambie hapa hapa jamvini, abaki kupeleka watu ufukweni Kigamboni.

Na wewe mratibu, najua unasoma, maana umeshafungua akaunti mpya kunitukana kwenye koment ya tisa. Pesa yangu kaa nayo. Vijana wa Isongole waliombeba mama yetu walipata mchango wa abiria tu, wewe hukutoa hata mia. Namba ya kiongozi wao unayo, alikuandikia mwenyewe asubuhi ile kabla hujamkataa. Mtumie pesa ya mwongozaji tuliyokulipa, halafu njoo uweke ujumbe wa muamala hapa.