Ikulu ya Magogoni: ni jengo la Wajerumani au la Waingereza?

Mkazi wa Kigamboni:
Wakubwa shikamooni. Kila tukisubiri pantoni pale Kivukoni mjadala huu huzuka: wazee husema Ikulu ya Magogoni ni ya Wajerumani, vijana husema ni ya Waingereza. Naomba ufafanuzi.

Mstaafu wa Upanga:
Marahaba. Pande zote mbili zina ukweli. Wajerumani walipohamisha makao makuu ya koloni lao kutoka Bagamoyo kuja Dar es Salaam mwaka 1891, walijenga hapo Magogoni kasri la gavana. Mwishoni mwa mwaka 1914 manowari za Uingereza ziliupiga mji wetu kwa mizinga, na kasri hilo likaharibiwa vibaya. Waingereza, walioutwaa mji mwaka 1916, ndio waliojenga upya mahali pale pale, na jengo likakamilika mwaka 1922. Kwa hiyo kiwanja ni cha Mjerumani, ila jengo tunaloliona leo ni la Mwingereza.

Mchora Ramani:
Mzee umesema kweli, naomba niongezee. Aliyelisanifu ni John Sinclair, ofisa wa Uingereza aliyefanya kazi Zanzibar na kusanifu huko jumba la Mahakama Kuu na makumbusho ya Beit el Amani. Anayeyafahamu majengo hayo atamtambua Sinclair hapa pia, kwa kuta nyeupe, matao yaliyofuatana na baraza pana. Wengi huyaona matao hayo kuwa ni urembo tu, nami sikubaliani nao hata kidogo. Katika joto la Februari, baraza pana huzuia jua lisiuchome ukuta wa chumba, huku matao yakiupisha upepo wa bahari uingie ndani, jambo ambalo maghorofa ya vioo yanayoota pale Posta hayaliwezi bila viyoyozi.

Mkazi wa Kigamboni:
Ahsanteni sana. Je, Ikulu ya Chamwino imeiga jengo hili?

Mchora Ramani:
Ndiyo, mwonekano wake umefuata wa Magogoni. Uamuzi wa kuhamia Dodoma ni wa mwaka 1973, lakini jengo la Chamwino lilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 20 Mei 2023. Nimefurahi kuona matao yale yamepelekwa bara. Ombi langu ni kwamba la Magogoni liendelee kutunzwa kwa bidii ile ile, kwani hewa ya chumvi hula nondo na kubandua lipu ya majengo yote ya ufukweni.