Filta gani ya maji ya nyumbani: ndoo ya mshumaa, RO ama UV?

Mama_Taji: Habari zenu wadau. Mwisho wa mwezi nataka kununua filta ya maji ya kunywa, nimechoka na kubeba madumu. Nimeona tatu: ile ya ndoo yenye mshumaa wa udongo wa kuchujia ndani, ile ya RO (inasukuma maji kwa utando mwembamba sana) inafungwa chini ya sinki, na ya taa ya UV. Bei ziko mbali sana. Gani iko poa? Wauzaji tafadhali msinivamie inbox.

plamba_wa_Donholm: Poa kwa maji gani sasa? Ya kanjo, yaani ya mfereji wa jiji, ama ya kisima? Umepanga ama ni kwako? Presha ikoje? Hatuwezi kujibu hewani.

Kamau_Lite: Chemsha maji dada, pesa ya filta nunua gesi. Sisi tulilelewa na maji ya kuchemsha na tuko hapa.

Nyar_Utawala: @Kamau_Lite kuchemsha kunaua vijidudu, hapo sikatai. Lakini kama ni ya kisima, floraidi, yale madini ya kuchafua meno yakizidi, haiendi popote, tena ukichemsha sana maji yanapungua na yenyewe inabaki. Visima vingi hapa Nairobi vimepita kile kiwango cha WHO cha miligramu 1.5 kwa lita. Angalia tu meno ya watoto wa huku kwetu, yana madoa ya kahawia.

Kamau_Lite: Hayo ni peremende.

Nyar_Utawala: Peremende inatoboa jino. Haichori madoa kushoto na kulia yakifanana. Uliza daktari wa meno yeyote.

Baba_Shanice: Wacha niwaambie kuhusu RO kabla mtu hajaliwa pesa. Kijana wa mauzo alikuja kwa ploti yetu, kampuni siitaji, shati safi na beji shingoni, akaomba glasi mbili, moja akajaza ya mfereji, nyingine akamimina maji ya mashine yake, halafu akachomeka kwa stima kidude kina vyuma virefu akavitumbukiza. Kitambo kidogo tu ile ya mfereji imegeuka rangi ya chai ya strungi na juu kunaelea povu la kutu, yake imebaki vile vile. Mke wangu akauliza, kumbe hayo ndiyo mtoto amekuwa akinywa? Biashara ikaisha hapo, tukatuma nusu kwa simu. Sasa jirani wa juu, mwalimu wa kemia, akashuka akamwambia kijana atie chumvi kidogo kwa ile glasi safi kisha arudie. Kijana akaanza kukunja waya! Mwalimu akatueleza ile rangi ni chuma cha kidude chenyewe kinaliwa, maji yenye madini yanapitisha stima, ya RO yametolewa madini kwa hivyo stima haipiti vizuri, hakuna uchafu wowote umeonyeshwa pale. Pesa haikurudi. Mashine ikafungwa na inatoa uzi mwembamba wa maji kwa sababu tangi iko hapo tu juu ya flati, presha hakuna, wakasema pampu ni ya kununua kando. Na maji mengi inayamwaga. Na hii rationi yetu ya maji?

plamba_wa_Donholm: Hiyo demo ni ya kitambo. Lakini usichukie RO kwa sababu ya muuzaji. Kwa hizo tatu, ya kutoa floraidi na chumvi ni RO peke yake. Mshumaa wa udongo unashika matope na bakteria, floraidi inapita. UV inaua vijidudu lakini haitoi kitu, maji yakiwa na tope mwanga haufiki, na stima ikipotea ni kama huna filta. Kama ni ya kanjo, hayo yanatoka mabwawa ya Ndakaini na Sasumua na yametibiwa, shida huwa tangi chafu na mabomba yaliyozeeka, hata ndoo inatosha. Kama ni kisima, RO na pampu, yale inayomwaga unakinga unaflashia choo. Na nunua yenye nyumba (zile kopo za kushika katriji za kuchuja) za kawaida za inchi 10, katriji zake hazikosi. Zile za umbo la ajabu zitakurudisha kwa aliyekuuzia kila mara.

Mama_Taji: Asanteni. Tumepanga, Embakasi. Keateka anasema ni ya kanjo lakini rationi ikianza anafungulia ya kisima, saa zingine inakuja lori. Kuna siku yana chumvi. Niko na watoto wawili, mdogo ana miaka mitatu.

Nyar_Utawala: Siku ya chumvi ndiyo siku ya kisima. Na huyo wa miaka mitatu ndiye wa kufikiria, meno yake ya ukubwa yanatengenezwa saa hii ndani ya ufizi. Pelekeni hayo maji maabara yapimwe floraidi kwanza. Usidanganywe na ile kalamu ya TDS, inakuambia jumla ya vitu vilivyoyeyuka, haikuambii ni nini wala kama kuna vijidudu.

Kamau_Lite: Ama anunue tu madumu ya lita 20.

Baba_Shanice: Si amesema amechoka nayo? Na unajua yanajazwa wapi?

Kamau_Lite: Langu liko na stika.

plamba_wa_Donholm: Stika hata River Road wanachapisha 😂

Mama_Taji: Na landilodi akikataa nitoboe sinki?

Shosh_Kasarani: Usitoboe mwanangu, atakula depo yako yote. Kuna za kuweka juu ya kaunta zinaunganishwa na mfereji, ukihama unahama nayo.

Baba_Shanice: Mama Taji, kama ni RO mimi niko na moja nauza, bei ya kutupa.

plamba_wa_Donholm: Na pampu?

Baba_Shanice: Pampu ni kando.

Kamau_Lite: Kwani gesi ya kilo 13 mnajaza pesa ngapi huko kwenu?